IBN BATTUTA: KIJANA ALIYESOMESHWA NA SAFARI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote wanaofuata njia yao mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wapendwa, vijana wengi wa kiume huuliza, kwa maneno au kwa vitendo, mwanamume aliyekamilika ni nani. Mmoja humtafuta katika misuli, mwingine katika mavazi na simu, na mwingine katika kujibu watu kwa ukali. Wazazi nao huvutana: huyu ataka mwanawe ajue kitabu tu, yule ataka ajue dunia tu. Katika toleo hili tumeona tusimulie maisha ya mtu aliyevikusanya vyote viwili. Alikuwa mwanafunzi wa madrasa kama ninyi, akatoka kwao akiwa kijana wa miaka 21, akarudi akiwa na umri wa miaka 45. Alipanda punda, farasi, ngamia na majahazi. Alihukumu kesi, alitumwa kuwa balozi, alinyang'anywa mpaka nguo. Mtu huyo ni Ibn Battuta. Na tutamsimulia alivyokuwa, mazuri yake na mapungufu yake, kwani hakuwa Mtume wala malaika.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Jina lake ni Abu Abdallah Muhammad bin Abdallah al-Lawati at-Tanji, maarufu kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa mwezi 17 Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304 Miladia, katika mji wa Tanja (Tangier), kaskazini kabisa mwa Morocco. Asili yake ni Waberberi wa kabila la Lawata. Ukoo wao ulitoa makadhi, na yeye alisomeshwa Qur'ani na fiq'hi ya madhehebu ya Imam Malik.

Tuzingatie jambo hili. Elimu ile ndiyo iliyokuja kumlisha na kumlaza kila alikokwenda. Zama zile mtu aliyejua Kiarabu na fiq'hi aliweza kuingia msikiti wowote, kuanzia Morocco hadi India, akaketi katika darsa na akafahamika. Ibn Battuta hakutoka na mali nyingi. Alitoka na elimu iliyokuwa kifuani.

KUONDOKA KWAO

Tarehe 2 Rajab mwaka 725 Hijria, yaani Juni 1325, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji. Wazazi wote wawili walikuwa hai, na kuagana kule kulimchoma moyo yeye na wao. Hakuwa na rafiki wa kufuatana naye wala msafara wa kujiunga nao. Aliondoka peke yake.

Alipofika mji wa Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Algeria, homa kali ilimshika. Mwenzake mmoja wa safari alimshauri abaki mpaka apone. Kijana akakataa, aliona kwamba ikiwa ajali yake imefika, basi na imkute njiani hali uso wake umeelekea Hijaz. Mwenzake yule akamwambia auze mnyama wake na mizigo mizito, akamwazima mnyama wa kupanda na hema. Wakaenda mbio kwa kuwaogopa wanyang'anyi. Homa ilimzidi hata akawa anajifunga kwa kilemba chake juu ya tandiko asije akaanguka.

Walipofika Tunis watu wa mji walitoka kuwalaki. Kila msafiri akapata wa kumwamkia na kumkumbatia. Ibn Battuta hakuamkiwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyemjua. Upweke ukamjaa, machozi yakamtoka mbele za watu. Hujaji mmoja akaiona hali yake, akamwendea, akamtolea salamu na kuzungumza naye kwa upole mpaka akaingia mjini. Usiku ule alilala katika madrasa.

Enyi vijana, msafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake alilia barabarani kwa sababu hakupewa salamu. Halikumpunguzia uanaume wake hata kidogo. Baadaye aliendelea na safari. Na yule aliyemwona akamsalimia, jina lake halikuandikwa, lakini fadhila yake inasomwa mpaka leo. Basi mwanafunzi mgeni akija madrasa, tukumbuke Tunis.

Msafara wa mahujaji ulipoondoka Tunis kuelekea mashariki, ulihitaji kadhi wa kuamua magomvi njiani. Walimchagua yeye. Yule aliyelia langoni miezi michache nyuma sasa alikuwa akiamua mambo ya watu waliomzidi umri.

ALIYOYAONA MISRI, SHAMU NA MAKKA

Alipita Aleksandria na Cairo mwaka 1326. Alitaka kuvuka Bahari ya Sham kutokea bandari ya Aydhab, lakini alikuta kuna vita na hakuna chombo cha kuvuka. Hakukaa akalalamika, alirudi Cairo, akapita njia ya Shamu na kufika Damascus mwezi wa Ramadhani.

Damascus ilimshangaza kwa wakfu zake. Kulikuwa na wakfu wa kuwasaidia wasioweza kwenda hijja, wakfu wa kuwaoza mabinti maskini, na wakfu wa kutengeneza njia. Siku moja alimwona mtumwa mdogo ameangusha sahani ya kigae cha China ikavunjika. Watu wakamkusanyikia. Mmoja akamwambia akusanye vigae vile avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akavipeleka, akapewa fedha za kununulia sahani nyingine, naye akaepukana na kipigo cha bwana wake. Hebu tufikirie, kuna Muislamu aliyekaa akamfikiria mtoto aliyevunja sahani, akamwekea mali yake wakfu!

Mwaka huo huo alizuru Madina na kuhiji kwa mara ya kwanza. Nia aliyotoka nayo kwao ikawa imetimia. Lakini badala ya kurudi Tanja aliendelea Iraq na Uajemi, akarudi tena Makka akakaa huko kwa muda, kisha akashika njia ya bahari kuja upande wetu.

SAFARI YAKE PWANI YETU

Kutoka Aden alivuka hadi Zaila, kisha akasafiri kwa siku kumi na tano mpaka Mogadishu. Huko desturi ilikuwa chombo kikitia nanga, vijana wa mji hutoka kwa sambuku ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akamchagua mfanyabiashara wa kuwa mgeni wake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu, alichukuliwa na kadhi mwenyewe. Aliletewa tambuu na popoo, na wali wa samli pamoja na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga. Aliletewa pia ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mtindi pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa pwani akisoma orodha hiyo hahitaji kufasiriwa. Ni kama aliyetazama sinia ya nyumbani kwao.

Kisha alifika Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliwasifu watu wake kuwa ni wa madhehebu ya Imam Shafi, wacha Mungu na wema, na misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aliona kwenye milango ya misikiti pana visima, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kwani watu walitembea bila viatu. Usiku mmoja tu, lakini macho yake yalifanya kazi. Wangapi wetu tunaingia msikiti ule ule miaka kumi na hatuwezi kuusimulia?

Kutoka hapo akaenda Kilwa, takriban mwaka 1331, akauhesabu kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema. Sultani wake alikuwa Hasan, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alimwona faqiri mmoja kutoka Yemen akimwomba sultani nguo alizovaa, wakati sultani akitoka sala ya Ijumaa. Sultani aliingia nyumba ya khatibu wa msikiti, akabadilisha nguo, akampa. Msafiri wetu alimtaja pia kuwa mtu mnyenyekevu, anayekaa na mafaqiri na kula nao. Magofu ya Kilwa Kisiwani, pamoja na msikiti wake mkubwa, yapo Tanzania hadi leo, na tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

USIKU WA KUKESHA OMAN

Baada ya Kilwa alielekea kusini mwa Arabuni na Oman. Chombo kilipotia nanga karibu na Sur, aliuona mji wa Qalhat kwa mbali akadhani ni karibu. Akaamua kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake Mhindi, akamkodi baharia mmoja awaongoze. Kumbe kiongozi yule alikuwa na tamaa ya nguo walizobeba. Alitaka kuwavusha mkono wa bahari mahali pa kina kirefu, na Ibn Battuta akatambua kwamba anataka wazame, yeye akimbie na mzigo. Akakataa, wakapanda juu mpaka wakapata kivuko chepesi. Jua likawachoma na kiu ikawashika mpaka mpanda farasi mmoja akawapa maji. Miguu ya Ibn Battuta ikavimba, damu ikakaribia kutoka chini ya kucha.

Usiku ulipoingia hakukubali kutembea gizani na mtu asiyemwamini. Walikaa kando ya njia. Mwenzake alikuwa hoi, akalala. Ibn Battuta akaziweka nguo chini ya ulinzi wake, akashika mkuki mkononi, akakesha. Kila kiongozi alipojitikisa, alimsemesha ili ajue kwamba yu macho. Walifika Qalhat asubuhi hali wamechoka mno, na ikambidi akae siku sita kwa kuumwa miguu.

Tazameni vizuri hapa. Hakumpiga yule mtu wala hakumuua, ingawa mkuki alikuwa nao. Alitumia akili na subira ya kukesha, mwenzake akapona, mzigo ukapona, na hata mwenye nia mbaya akapona.

VIJANA WA KITURUKI

Alipofika nchi ya Anatolia, ambayo leo ni Uturuki, alikuta vijana wenye jumuiya zao walioitwa akhi. Hao walikuwa mafundi na watu wa kazi za mikono, wengi wao hawajaoa. Mchana kila mmoja alifanya kazi yake. Baada ya Alasiri walimletea kiongozi wao walichochuma, wakanunua chakula na matunda, na mgeni akifika mjini humkaribisha katika nyumba yao mpaka aondoke. Njia yao hiyo iliitwa futuwwa, neno linalotokana na fata, yaani kijana. Kwao ujana maana yake ilikuwa ukarimu na kumsaidia aliyeonewa.

Katika mji wa Ladhiq alipokuwa akipita sokoni, watu walitoka madukani wakashika hatamu za farasi wao. Kundi jingine likaja, wakavutana, wengine wakatoa visu. Ibn Battuta hakujua Kituruki. Alidhani ni wanyang'anyi na kwamba mwisho wake umefika. Akatokea mtu aliyehiji, mwenye kujua Kiarabu, akamweleza kwamba hao ni vijana wa makundi mawili, na kila kundi lataka yeye awe mgeni wao! Ikapigwa kura, kundi moja likapata zamu ya kwanza na la pili likafuata. Kuna mafunzo mawili hapo: ubora wa vijana wanaogombania kutenda wema, ingawa visu havikuhitajika, na hasara ya kutojua lugha ya watu.

Kutoka huko alikwenda nchi za baridi za Sultani Uzbek, akafuatana na msafara wa mmoja wa wake wa sultani, binti wa mfalme wa Kirumi, hadi Constantinople. Baridi ya njiani ilimfanya avae makoti matatu ya manyoya na suruali mbili, na akawa hawezi kupanda farasi mpaka wenzake wampandishe. Alipotawadha kwa maji ya moto karibu na moto, matone yaliganda papo hapo, na maji usoni yaligeuka barafu ndevuni akayapukuta. Lakini sala aliisali. Sisi huku pwani maji ya bomba yakiwa na ubaridi kidogo alfajiri, tunavuta shuka.

INDIA: CHEO, DENI NA HOFU

Mwezi Muharram mwaka 734 Hijria, Septemba 1333, alifika mto Indus. Sultani Muhammad bin Tughluq wa Delhi aliwapenda wageni wenye elimu, akamfanya kadhi kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Ibn Battuta alieleza kwamba yeye ni Maliki ilhali watu wa huko ni Hanafi, tena hajui lugha yao. Sultani akampa manaibu wawili.

Mali ile haikumtosha. Aliishi kwa fahari kuliko uwezo wake, akaingia deni la dinari 55,000 mpaka akawa anawakimbia wenye haki zao. Sultani ndiye aliyemlipia. Huyu ni mtu aliyevumilia homa, jangwa na baridi, lakini starehe ikamshinda. Ndugu zangu, mitihani ya raha huangusha hata walioshinda mitihani ya shida.

Sultani yule alikuwa mkarimu, lakini alikuwa mwepesi wa kumwaga damu. Alimuua sheikh mmoja aliyekataa kumtumikia, na kwa kuwa Ibn Battuta alikuwa amemzuru sheikh huyo, yeye naye aliwekewa walinzi. Siku hizo alifunga na kusoma Qur'ani, akimtegemea Allah. Alipookoka aligawa mali yake kwa maskini, akavaa nguo za kifaqiri na kujitenga. Baadaye sultani alimwita tena, akamfanya balozi wake kwa mfalme wa China.

Ubalozi huo uliondoka Delhi mwaka 1342 pamoja na zawadi nyingi. Karibu na mji wa Kol walipambana na washambuliaji, Ibn Battuta akatengana na wenzake, akatekwa na kunyang'anywa alichokuwa nacho. Mmoja wa watekaji alimhurumia akamwachia. Alitangatanga siku kadhaa akila matunda ya mwituni na majani, mpaka mtu mmoja asiyemjua alipomtolea salamu, akampa chakula na maji, akambeba mabegani mwake hadi kijijini.

Alipofika bandari ya Calicut, zawadi zilipakiwa merikebuni, yeye akabaki nchi kavu asali Ijumaa kwanza. Dhoruba ikaja. Merikebu kubwa ikavunjika, watu wakafa na zawadi zikapotea. Chombo cha pili kilichokuwa na watu wake na mizigo yake kikatweka tanga kikamwacha. Balozi wa sultani alibaki ufukweni na dinari kumi na busati la kulalia.

Hakurudi Delhi, alimwogopa sultani. Alikwenda visiwa vya Maldives, akawa kadhi takriban mwaka mmoja na nusu. Huko alioa wake kadhaa, akakosana na waziri, akawaacha wake akaondoka. Katika safari iliyofuata chombo kilikwama miambani. Palipotengenezwa chelezo, aliwatanguliza watu wake akabaki juu ya chombo kilichovunjika usiku kucha mpaka wenyeji walipowaokoa asubuhi. Baadaye alisimulia pia safari ya China, ingawa baadhi ya wanahistoria wana shaka kama alifika sehemu zote alizozitaja.

KURUDI NYUMBANI

Mwaka 1348 alirudi Shamu. Alimuuliza mwanawe wa kiume, aliyezaliwa na mke aliyemwacha Damascus miaka mingi nyuma. Akaambiwa mtoto alifariki tangu miaka kumi na miwili iliyopita. Akakutana na mwanachuoni wa kwao Tanja, akamwuliza habari za wazazi. Akaambiwa baba yake amefariki tangu miaka kumi na mitano, na mama yake yu hai.

Mwaka huo tauni kubwa ilikuwa ikifagia nchi. Damascus peke yake alitaja vifo 2,400 kwa siku moja. Aliwaona watu wa mji wakifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa miguu, wakubwa kwa wadogo, Waislamu wameshika misahafu, Mayahudi na Wakristo na vitabu vyao, wote wakimlilia Mungu awaondolee balaa.

Alihiji tena, kisha akashika njia ya kwao. Mwishoni mwa mwaka 1349, alipofika mji wa Taza, safari ya siku chache tu kabla ya Tanja, alipewa habari kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Miaka 24 mama alingoja. Mwana alipofika Tanja, alikwenda kuzuru kaburi.

Wanafunzi wapendwa, hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Hatuna haki ya kumhukumu mja wa Allah aliyetangulia. Njia zilikuwa ndefu, na Allah ndiye ajuaye udhuru wake. Lakini yeyote anayeipenda safari ya Ibn Battuta na aisome mpaka Taza. Dunia ilimpa falme na bahari, ila haikumrudishia siku moja ya kukaa na mama yake, wala kumwona mwanawe akikua. Sisi leo tuna simu mkononi, na bado wako wazazi wanaokaa mwezi mzima bila kusikia sauti ya watoto wao walioko mji wa pili.

MALI NA KITABU CHAKE

Alizuru Andalus, kisha mwaka 1352 akavuka jangwa la Sahara kwenda dola ya Mali. Jangwani mtu mmoja katika msafara aligombana na binamu yake, akabaki nyuma kwa hasira, akapotea asionekane tena. Tangu hapo Ibn Battuta hakuthubutu kutangulia msafara wala kubaki nyuma. Aliwasifu watu wa Mali kwa uadilifu, usalama wa njia, kuhifadhi mali ya mgeni aliyekufa, kuvaa nguo nyeupe siku ya Ijumaa na kuwahimiza watoto kuhifadhi Qur'ani.

Aliporudi, Sultani Abu Inan wa Morocco alimwamuru asimulie safari zake, na mwandishi Ibn Juzayy akaziandika. Kazi ya kusimulia ilikamilika mwezi Dhul Hijja 756, yaani Desemba 1355. Baadhi ya maandishi aliyokuwa ameyakusanya njiani yalipotea aliponyang'anywa baharini, hivyo mengi aliyatoa kichwani, kwa hifadhi aliyoizoesha tangu utotoni. Baadhi ya watu wa Fez hawakumsadiki, jambo ambalo mwanahistoria Ibn Khaldun amelitaja. Kitabu hicho, maarufu kwa jina la Rihla, kimebaki. Wanakadiria kuwa alitembea takriban kilomita 117,000. Alimalizia maisha yake akiwa kadhi nchini kwao, akafariki takriban mwaka 1368 au 1369. Allah amrehemu.

TUNAYOJIFUNZA

1. Elimu ya dini na ujuzi wa dunia havigombani. Fiq'hi ndiyo iliyomfungulia milango, na milango ile ikamwongezea elimu.

2. Ushujaa si kutolia wala kutoogopa. Ni kuendelea ukiwa na homa, kukesha mwenzako alale, na kuwatanguliza wengine kwenye chelezo.

3. Kumkirimu mgeni ni sehemu ya uungwana. Vijana wa Mogadishu na wa Anatolia walijulikana kwa sahani zao, si kwa vurugu zao.

4. Tusiige kila kitu. Alijitia katika madeni, alioa na kuacha sana, na kama wengi wa zama zake alimiliki watumwa. Mtu mkubwa huchukuliwa mazuri yake, na makosa yake yakawa onyo.

5. Haki ya wazazi haingoji safari iishe.

KAZI YA LIKIZO

Huhitaji kwenda China. Kila mwanafunzi, wa kiume na wa kike, achague mambo matatu katika haya kwa idhini ya wazazi wake: kujifunza kuogelea chini ya usimamizi wa mtu mzima, kupika chakula kamili cha nyumba nzima, kujifunza maamkizi na maneno hamsini ya lugha ya majirani, kumhudumia mgonjwa au mzee kwa wiki moja, kuhifadhi juzuu nyingine, kuandika daftari la safari, hata kama safari ni ya kijiji cha babu, na kumtafuta mwanafunzi mgeni asiye na rafiki akamsalimia. Wakubwa walioko karibu na Kilwa, Gedi au mji wowote wa kale watembelee wakiwa na kalamu, waandike walichokiona.

Na kabla ya hayo yote, anayeishi mbali na mamake ampigie simu leo.

Tunamwomba Allah (S.W.) awajaalie vijana wetu wawe na elimu yenye manufaa, viungo vyenye nguvu na nyoyo laini, awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu na baharini, na awarehemu wazazi wetu walio hai na waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.